LSD ya Plati, LSD ya Gia au Loki: Ipi Uifunge Mwenyewe?

Wengi wanaofikiria kubadilisha difu, kile kifaa kinachogawia nguvu ya injini matairi mawili ya ekseli moja, huamini kwamba difu ya kawaida hupeleka nguvu zote kwenye tairi linaloteleza. Si kweli, na imani hiyo ndiyo inayowafanya wanunue kitu kisichowafaa. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha, ile torki, sawa kwa sawa kushoto na kulia, wakati wote. Shida inatoka kwenye usawa huohuo. Tairi lililo topeni likiweza kubeba torki ya niutoni-mita (Nm) 100 tu kabla ya kuteleza, tairi la pili lililo kwenye ardhi kavu nalo hupewa 100, hata kama lina uwezo wa kubeba mara nane ya hapo. Gari linasukumwa na 200 basi. Ukizidi kukanyaga mafuta, unachoongeza ni kasi ya tairi linalozunguka bure.

Kwa hiyo kila aina ya difu iulize swali moja: tairi hili likishika Nm 100, lile la pili litapata ngapi? LSD (kwa Kiingereza limited-slip differential, difu inayopunguza mtelezo) ya gia huzidisha. LSD ya plati hujumlisha na kuzidisha. Loki haina hesabu, inafunga ekseli mbili zikawa moja. Ukilishika hilo, nusu ya uamuzi umeshaufanya. Nusu iliyobaki ni ya gereji: ipi inaweza kufungwa vizuri na mtu mwenye stendi imara, spana na subira, bila mashine za kiwandani?

Kabla ya kufungua boliti yoyote, tazama matairi. Tairi lililokwisha halitaokolewa na difu ya aina yoyote. Tazama pia kama gari lako tayari lina mfumo wa kudhibiti mtelezo kwa breki. Mfumo huo hukamata breki ya tairi linaloteleza, difu ikadhani tairi hilo limepata mshiko, na tairi la pili likapewa nguvu sawa na hiyo. Hesabu yake inakubali, ila inakula breki, inaleta joto, na kwenye magari mengi inapunguza nguvu ya injini wakati ambao wewe unaitaka. Kwa mtu anayekwama mara mojamoja kwenye nyasi zenye umande, huo unatosha na pesa yake ibaki mfukoni.

LSD ya gia

Ndani yake hakuna plati, yaani sahani za msuguano. Kuna gia zenye meno ya mshazari zilizopangwa kwa jozi. Nguvu inapopita, meno hayo husukuma gia zenyewe zibane kwenye kuta za keria (kikombe kinachozibeba gia za ndani), na msuguano huo ndio unaozuia upande mmoja kukimbia peke yake. Vernon Gleasman, mvumbuzi wa Marekani, alipata hataza ya muundo wa namna hii mwaka 1958, na ndio uliokuja kujulikana kama Torsen. Quaife ya Uingereza na Truetrac ya Eaton ni za ukoo huohuo, ingawa gia zake zimepangwa kwa namna tofauti.

Uwezo wake hutajwa kwa uwiano. Ukisoma uwiano wa 2.5, maana yake tairi lenye mshiko mkubwa linaweza kupewa mara mbili na nusu ya lile lenye mshiko mdogo. Turudi topeni: tairi bovu 100, tairi zima 250, jumla 350 badala ya 200. Hilo ni ongezeko la robo tatu bila kugusa injini. Tena linatokea papo hapo, kwa sababu gia zinabanwa na nguvu inayopita ndani yake. Hazisubiri tairi lianze kuzunguka ovyo.

Kwa barabara ya kila siku, sijaona kinachoishinda aina hii kwa utulivu. Usukani hauvuti, kona kali hazina mlio, na dereva asiyeambiwa hatajua kwamba difu imebadilishwa hadi siku atakapotoka kwenye kona yenye maji na gari likaenda tu. Hakuna plati za kuisha, kwa hiyo ikipata oili safi inaweza kudumu sawa na gari. Oili yenyewe ni ile ya difu ya daraja la GL-5, kwa mfano 75W-90, bila kiongezo cha kupunguza msuguano. Kiongezo hicho ni cha LSD za plati. Huku kinapunguza kitu kilekile kinachofanya difu ifanye kazi.

Udhaifu wake uko kwenye neno kuzidisha. Sifuri mara 2.5 ni sifuri. Tairi moja likiinuka hewani kabisa, LSD ya gia isiyo na mkazo wa awali (mbano wa springi uliopo hata gari likiwa limesimama) inarudi kuwa karibu sawa na difu ya kawaida. Kuna dawa ya hapo: kanyaga breki kidogo huku ukikanyaga mafuta. Breki inalipatia tairi lililo hewani mzigo wa kubeba, difu inapata namba ya kuzidisha, na tairi la chini linapewa zaidi. Magari ya kijeshi ya Humvee yana difu za Torsen mbele na nyuma, na madereva wake hufundishwa mbinu hiyohiyo. Inafanya kazi vizuri kwa kuvuka shimo au mtaro. Kwenye kona ya mbio, ambako tairi la ndani linainuka kila mzunguko, haina nafasi.

LSD ya plati

Hii ndiyo ya zamani na inayojulikana zaidi. Packard iliuza magari yenye difu ya namna hii mwaka 1956, na miaka 20 hivi kabla ya hapo ZF ya Ujerumani ilikuwa imeshatengeneza difu yake ya kuzuia mtelezo kwa ajili ya magari ya mbio ya Auto Union yaliyobuniwa na Ferdinand Porsche. Ndani kuna plati zilizopangwa kwa zamu, moja imeshikwa na keria, inayofuata imeshikwa na gia ya pembeni, ile inayozungusha ekseli. Zikibanwa, pande mbili zinalazimika kuzunguka pamoja.

Kinachozibana ni vitu viwili. Cha kwanza ni springi, ambazo hubana hata gari likiwa limesimama. Huo ndio mkazo wa awali, na ndio sehemu ya kujumlisha katika hesabu yetu. Cha pili ni miteremko iliyochongwa kwenye vikombe viwili vinavyobana plati. Pini inayobeba gia ndogo za katikati hupanda miteremko hiyo unapokanyaga mafuta, na kadiri nguvu inavyoongezeka ndivyo vikombe vinavyosukumwa nje kuzibana plati zaidi. Tairi likiwa hewani, mkazo wa awali bado unampa mwenzake kitu cha kuanzia, na kitu hicho kinaanza kupandisha miteremko. Ndiyo maana magari ya mbio na ya drifti (mchezo wa kutelezesha gari kimakusudi) hupenda aina hii.

Watengenezaji wengi huitaja kwa asilimia badala ya uwiano, na wanunuzi hubaki wakilinganisha namba zisizolingana. Asilimia ni tofauti ya torki kati ya pande mbili ikigawanywa kwa jumla yake. Asilimia 25, ambayo BMW waliitumia kwenye magari yao mengi ya barabarani, ni uwiano wa karibu 1.7. Asilimia 40 ni karibu 2.3. Asilimia 60 ni 4. Kwa hiyo LSD ya gia yenye uwiano wa 2.5 haiko chini kwa nguvu kuliko LSD nyingi za plati zinazotoka kiwandani. Inazizidi, mradi matairi yote mawili yapo chini.

Ubora wa plati ni kwamba unazipanga utakavyo. Pembe ya miteremko, idadi ya plati zinazofanya kazi na nguvu ya springi vyote vinabadilishika. Hapo ndipo zinapotoka namba za njia 1, njia 1.5 na njia 2. Njia 1 inabana unapokanyaga mafuta tu. Njia 2 inabana kwa nguvu ileile unapokanyaga na unapoachia. Njia 1.5 inabana sana kwenye kukanyaga na kidogo kwenye kuachia. Njia 2 hulifanya gari lisitake kuingia kona unapoachia mafuta, na nje ya drifti siioni faida yake kwa gari la barabarani. Ukichagua plati kwa gari linaloendeshwa na matairi ya nyuma, chukua njia 1.5 au 1, na mkazo wa awali mdogo.

Sasa gharama zake. Plati zinaisha, na zinapoisha uwezo unashuka polepole bila kelele. Zikiwa mpya na ngumu, gari hugutuka na kutoa mlio wa kukwaruza unapozunguka polepole kwenye maegesho. Oili lazima iwe na kiongezo chake, na ibadilishwe mapema kuliko ya difu ya kawaida kwa sababu inabeba unga wa plati. Kwa upande mwingine, ni difu unayoweza kuifufua mezani kwako: unaifungua, unapima unene wa plati, unazibadilisha, unaziloweka kwenye oili kabla ya kuzirudisha, na kazi imekwisha. LSD ya gia iliyochakaa haina ukarabati wa namna hiyo.

Jambo moja kuhusu usalama, na hili linahusu plati ngumu na loki zaidi kuliko gia. Difu ya kawaida inapoteleza, ni tairi moja linalozunguka ovyo. Lile jingine bado linashikilia mkia wa gari usiende pembeni. Ukizifunga mbili pamoja, siku zitakapoteleza zitateleza zote, na mkia unaondoka kwa ghafla. Kwa gari fupi linaloendeshwa na matairi ya nyuma kwenye barabara yenye mvua, tofauti hiyo ni kubwa. Jifunze tabia mpya ya gari lako mahali penye nafasi kabla hujakutana nayo kwenye msongamano.

Loki, springi za kuchomeka, na kuchomelea

Loki ya kuchomeka ndiyo kazi rahisi kuliko zote za difu. Unatoa gia ndogo za katikati na za pembeni kutoka kwenye keria yako ya zamani, unaweka vipande vya loki mahali pake. Krauni (gia kubwa ya difu) haiguswi, beringi haziguswi, shimu (vibati vyembamba vya kupangia nafasi) hazitoki. Ukinyoosha, ekseli zimefungwa pamoja. Ukikata kona, meno ya upande unaotakiwa kukimbia zaidi yanaachia na kuruka, kwa mlio wa kakaka unaosikika ndani ya gari. Kwa gari la porini linalotembea polepole, ni nguvu nyingi kwa kazi ndogo. Kwa gari la familia kwenye lami, mitikisiko ya kufunga na kuachia katikati ya kona inachosha, na usukani unabadilika tabia kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Kumbuka pia kwamba keria ni ileile ya zamani. Kama ilikuwa dhaifu, loki haijaiimarisha.

Loki ya swichi, ya upepo au ya umeme, ni mnyama mwingine. Inabaki difu ya kawaida mpaka ubonyeze, ndipo inafunga kabisa. Kwa mtu wa porini anayerudi nyumbani kwa lami, hii ndiyo ningempa. Lakini unabadilisha keria nzima, na ile ya upepo inadai kompresa, mpira wa upepo na tundu la kutoboa kwenye hausingi (ganda la difu) ili mpira upite. Usisahau kuizima ukishatoka matopeni.

Kuna springi na vibao vinavyouzwa kwa bei ndogo, vya kusukuma gia za pembeni kwa nje ili zibane kwenye keria. Vinafanya kitu kwa muda, kisha chuma kinasagana na chuma bila plati ya kazi hiyo, na unga wake unaingia kwenye beringi. Siwezi kumshauri mtu afungue difu kwa ajili ya hivyo.

Kuchomelea gia za difu ziwe kitu kimoja, waachie watu wa drifti wanaopeleka gari uwanjani juu ya trela. Barabarani matairi yanakwanguka kila kona, ekseli zinapindwa kila siku, na mchomeleo ukivunjika vipande vinaingia kati ya krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha), jambo linaloweza kufunga magurudumu ya nyuma ukiwa kwenye mwendo.

Hausingi ndiyo itakayoamua ugumu wa kazi

Watu hutumia wiki nzima kulinganisha chapa za LSD bila kulala chini ya gari kutazama wana hausingi ya namna gani. Anza huko.

Kuna difu ambazo kichwa chote hutoka mbele ya ekseli kwa kufungua nati zilizokizunguka: ekseli za nyuma za Toyota Hilux nyingi, na Ford ile ya inchi 9. Hizi ni rafiki wa fundi wa nyumbani. Unatoa ekseli mbili, unafungua propela shafti, unashusha kichwa, unakiweka juu ya meza penye mwanga. Kuna za aina ya pili, ambazo hausingi na ekseli ni kitu kimoja na unaingilia kwa kifuniko cha nyuma, kama ekseli nyingi za Dana na Ford ya inchi 8.8. Kazi yote inafanyika ukiwa umelala, na geji inasomwa kwa tochi. Aina ya tatu ni gari lenye magurudumu ya nyuma ya kujitegemea, kama yale ya Nissan yenye difu ya R200: difu nzima imefungwa kwa boliti chini ya gari na inashuka ikiwa imekamilika. Inaweza kupita kilo 30, kwa hiyo jeki ya giaboksi au mtu wa pili ni lazima. Usijaribu kuipokea kwa kifua.

Ukibadilisha keria, krauni lazima ihamie kwenye keria mpya, na hapo ndipo kazi inapopata jina lake. Habari njema ni kwamba pinioni huigusi. Kina chake na mkazo wa beringi zake vinabaki kama kiwanda kilivyoviacha, na hivyo ndivyo vigumu kuliko vyote kupanga. Kilichobaki ni vitu viwili: plei (nafasi ndogo ya kuchezea) kati ya meno ya krauni na pinioni, na mkazo wa beringi za pembeni za keria. Kwenye magari mengi madogo plei huwa kati ya milimita 0.10 na 0.20, na hausingi nyingine kubwa huruhusu zaidi. Namba ya kufuata ni ile ya kitabu cha huduma cha gari lako. Unaipima kwa geji ya mshale iliyosimamishwa wima dhidi ya jino la krauni, mahali pasipopungua pane kuzunguka krauni. Kama hausingi yako ina nati kubwa za kurekebisha pembeni, unasogeza krauni kwa kuzizungusha. Kama inatumia shimu, unatoa sehemu kadhaa za mia za milimita upande mmoja na kuziongeza upande wa pili, mara nyingi kuliko ulivyotarajia.

Kisha unapaka rangi ya alama kwenye meno machache, unazungusha huku umeishikilia krauni izungukie mzigo, na unasoma mguso. Alama ikae katikati ya jino, isiegemee ncha wala mzizi. Ikikaa vibaya ingawa plei ni sahihi, acha. Hiyo ni kazi ya kupima kina cha pinioni, na huo ni wakati wa kubeba kichwa cha difu kumpelekea fundi wa difu. Kumlipa kwa hatua hiyo moja ni busara kuliko kusikiliza difu ikilia kila ukifika kilomita 80 kwa saa.

Mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa: vifuniko vya beringi vina upande wake na mwelekeo wake, vipigie alama kabla ya kuvifungua, kwa maana vilichongwa pamoja na hausingi. Boliti za krauni ziwe mpya, zisafishwe, zipakwe gundi ya boliti na zikazwe kwa spana ya torki kwa mkato wa msalaba. Boliti za krauni za magari kadhaa ya Marekani zina nyuzi za kushoto, kwa hiyo ikigoma kufunguka usiongeze bomba kwenye spana kabla hujahakikisha unazungusha upande gani. Beringi za keria zikitolewa kwa pula mara nyingi huumia, nunua mpya pamoja na sili za ekseli. Na kabla ya kumwaga oili, fungua kwanza boliti ya kujazia. Ikigoma, afadhali uijue ukiwa bado na oili ndani.

Difu nzima iliyotumika

Kwa watu wengi hii ndiyo njia ninayoipa nafasi ya kwanza. Kama kiwanda kiliwahi kuweka LSD kwenye gari la ukoo wa lako, tafuta difu hiyo nzima, ikiwa na krauni na pinioni yake. Plei ilishapangwa, rangi ya alama huihitaji, na kazi inakuwa ya kufungua na kufunga.

Masharti yako matatu. La kwanza ni uwiano wa mwisho, yaani propela shafti huzunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa tairi. Ukiweka difu ya 4.1 mahali pa 3.7, injini itazunguka zaidi kwa kasi ileile na spidi mita inaweza kudanganya. Kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, uwiano wa mbele na nyuma ukitofautiana unavunja mitambo. Hilo halina mjadala. La pili ni idadi ya meno ya ekseli: Ford ya inchi 8.8 pekee ina ekseli za meno 28 na za meno 31, na LSD ya moja haiingiliani na nyingine. La tatu ni mashimo ya propela shafti na shafti za magurudumu. Mazda MX-5 za kwanza ni mfano mzuri. Za injini ya 1.6 zilizokuwa na LSD zilipewa ya kimiminika, za 1.8 zilizokuja na modeli ya mwaka 1994, zikiwa na LSD, zilipata Torsen ndani ya difu kubwa na imara zaidi. Wenye 1.6 wanaoitaka Torsen hiyo huchukua difu, shafti zake na propela shafti kwa pamoja.

Hiyo LSD ya kimiminika, inayotegemea mafuta ya silikoni yanayokuwa mazito sahani zikipishana kasi, usiitafute kama toleo la kupanda daraja. Inachelewa, kwa sababu tairi lazima lianze kuteleza ndipo iamke, na ikizeeka haifunguliki nyumbani.

Ukiwa mbele ya difu iliyotumika, zungusha upande mmoja kwa mkono. Difu ya kawaida itazungusha upande wa pili kinyume. LSD ya plati iliyo hai itazungusha pande zote mbili kwa mwelekeo mmoja, na kuzitenganisha kwa mkono itakuwa shida. Lakini Torsen isiyo na mkazo wa awali inaweza kuzunguka kinyume kama ya kawaida ingawa ni nzima, hivyo usiikatae kwa kipimo hicho. Fungua kifuniko au chungulia kwenye tundu la ekseli uone gia za mshazari. Oili iliyotoka ikiwa na vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, iache hapohapo.

Gari la matairi ya mbele, na la manne

Gari linalovutwa na matairi ya mbele lina difu ndani ya giaboksi. Maana yake giaboksi inatoka na kupasuliwa, na keria inapangwa shimu ndani yake. Mtu aliyewahi kushusha giaboksi anaweza. Kwa mara ya kwanza, hii si kazi ya kuanzia. Hapa uamuzi wa aina ni mwepesi: gia. Plati ngumu au loki mbele huvuta usukani mkononi kila ukikanyaga mafuta, na kwenye kona za lami gari linataka kunyooka.

Kwa gari la magurudumu manne, LSD au loki ya nyuma inatosha kwa wengi. Mbele acha kawaida, au weka loki ya swichi. Matairi ya ekseli moja yawe ya kipimo kimoja na uchakavu unaokaribiana, kwa sababu kipenyo kikitofautiana LSD ya plati inafanya kazi kilomita zote hata ukiwa umenyoosha, na plati zinaungua bila sababu.

Baada ya kufunga

Hili lisome hata kama umeruka yote yaliyotangulia. Gari lenye LSD au loki halipaswi kuwashwa na kuingizwa gia huku tairi moja tu limeinuliwa. Kwenye difu ya kawaida tairi la hewani lingezunguka tu. Sasa lile lililo chini linapata nguvu na gari linaruka kutoka kwenye jeki. Inua ekseli yote kwa stendi mbili, au usiwashe. Mwambie na yeyote atakayewahi kulitengeneza gari hilo, maana difu haionekani kwa macho.

LSD ya plati mpya ipewe muda wa kuzoeana: zunguka polepole kwa namba nane, kushoto na kulia, kwa robo saa hivi kwenye uwanja mtupu, acha ipoe, rudia. Baada ya kilomita mia chache mwaga oili, itakuwa ya kijivu, weka mpya pamoja na kiongezo. Mlio wa kukwaruza ukibaki kwenye kona za polepole, ongeza kiongezo kidogo kidogo kwa kipimo cha mtengenezaji, usimimine chupa nzima mara moja. LSD ya gia haidai sherehe hiyo, lakini oili yake ya kwanza nayo ibadilishwe mapema, kwa kuwa beringi mpya na krauni iliyohamishwa huacha unga.

Endesha kisha sikiliza. Mlio unaotokea ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia, au kinyume chake, unatoka kwenye mguso wa krauni na pinioni, na hautajitengeneza wenyewe kwa kilomita. Rudi kwenye geji. Mlio wa kuvuma usiojali mafuta, unaoongezeka na kasi tu, uanze kuutafuta kwenye beringi. Baada ya safari ya nusu saa, gusa hausingi kwa nyuma ya mkono kwa uangalifu. Joto la kawaida la difu iliyofanya kazi linavumilika kwa sekunde kadhaa. Ukishindwa hata kuisogelea, mkazo wa beringi umezidi, na difu ifunguliwe siku hiyohiyo.